Majeraha ya macho kwa watoto
Majeraha ya macho kwa watoto hutokana na jicho kuchomwa, kupigwa au kuingiwa na kemikali. Mengi hutokea nyumbani na michezoni: kijiti, mwiba, waya, penseli, jiwe la manati. Kitu chenye ncha huweza kutoboa konea na kufika kwenye lenzi, ikapata ukungu uitwao mtoto wa jicho. Kwa mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unajifunza kuona, ukungu huo usipoondolewa mapema jicho hudhoofika hata kama kidonda kimeshonwa vizuri.

Jicho lililotobolewa halioshwi wala halibonyezwi, na kilichochoma hakichomolewi. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na mtoto hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kwa kemikali ni kinyume kabisa: jicho huoshwa kwa maji safi mengi, papo hapo, kwa dakika 15 hadi 30, kabla ya kutafuta usafiri. Chokaa ni mbaya sana, kwani huendelea kupenya ndani. Maziwa ya mama na dawa za majani, ambazo wengine bado hutia jichoni, huweza kuleta maambukizi.

Ili kuzuia majeraha haya, chokaa na maji ya betri huwekwa juu, palipofungwa. Kwa manati mtoto hulenga kopo ukutani, kamwe si mwenzake.