Picha Tano za Murang'a

Leo twende pamoja hadi Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall. Hapo limesimama kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, lililojengwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau.

Siku zile jirani alimwua jirani. Na wale walioingia msituni kupigania nchi nao waliacha wajane. Kanisa hilo lingeweza kuwa nyumba ya uchungu. Lakini mchoraji Elimo Njau wa Tanganyika alipopewa ukuta, alichora picha tano za Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu huyo ni Mwafrika, katika nchi kama ile iliyo nje ya mlango.

Basi mjane wa shahidi na mjane wa mpiganaji waliweza kumtazama Mmoja, aliyeuawa naye akasamehe.

Ndugu yangu, kama nyumba yako na ya jirani bado hazisalimiani kwa ajili ya miaka ile, ulete uchungu huo msalabani leo. Amina.