Kadi Inasema Nyeupe

Kadi ya gari la marehemu baba inasema rangi yake ni nyeupe. Gari lenyewe, asubuhi tulipofyeka majani na kulitoa chini ya mparachichi, lilikuwa la kijani. Kijani cha mlango wa duka la zamani, kilichochomwa na jua hadi ukikigusa kinakuachia unga kidoleni. Lilikuwa limesimama pale miaka minne. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, na tairi la mbele la kushoto lilikuwa limezama ardhini kiasi kwamba tulilichimbua kwa jembe.

Kaka alitaka tuwauzie wanunuzi wa chuma chakavu. Mmoja alikuja, akaligonga ubavuni kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti, akataja bei isiyofikia ng'ombe mzuri. Mimi nilikuwa na shilingi milioni mbili na nusu, za kahawa na akiba kidogo, na nikasema nitalifufua. Kaka akacheka. "Kwa hela hiyo utapata rangi tu," alisema. Alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyotaka kukubali.

Ni Toyota Land Cruiser aina ya 75, lile refu lenye mabenchi ya kutazamana huku nyuma. Injini yake ni 1HZ: dizeli, silinda 6, ujazo wa lita 4.2, bila tabo. Watu wengi hapa nchini huliita mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Ukiwa Ngara, huna haja ya kuuliza gari kama hilo lilifikaje kwenye shamba la migomba. Jibu ni moja kwa karibu kila Land Cruiser ya umri ule iliyobaki katika vilima hivi: lilikuja na wakimbizi.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wengi wao walikuwa Wahutu wanaolikimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele, huku mauaji ya kimbari ya Watutsi yakiendelea nyuma yao. Na ndani ya umati ule walikuwamo wakulima wasio na hatia, watoto, na wauaji pamoja na viongozi wao. Walipewa mahali pa kukaa penye kambi ya zamani ya kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, Benaco, na jina la kampuni likawa jina la mji wa maturubai ya bluu. Baadaye zikaja Lumasi, Musuhura, Lukole na nyingine. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Nyuma yao yakaja magari. Kabla ya hapo, gari Ngara lilikuwa ama la serikali, ama la misheni, ama lori la mfanyabiashara. Ghafla barabara ya vumbi ikajaa magari meupe yenye antena ndefu kama fito za kuvulia samaki. Weupe ule una sababu zake. Unaonekana kwa mbali, haupokei joto sana, na haufanani na rangi ya jeshi lolote. Lakini kwetu ulipata maana nyingine: ulikuwa cheo. Gari jeupe lilipita vizuizi, lilikuwa na mafuta wakati hospitali haina, na dereva wake alilipwa kuliko mwalimu mkuu. Watoto hawakusema "gari linakuja." Walisema "shirika linakuja." Baba alikuwa mmoja wa madereva hao, aliyeacha lori la kubeba kahawa na kuvaa fulana yenye nembo.

Mashirika yalipofunga ofisi, magari yaliyochoka hayakupandishwa meli kurudi Ulaya. Mengine yalikabidhiwa halmashauri na hospitali, mengine yaliuzwa kwa zabuni au mnada. Masharti yalikuwa mawili makubwa: nembo zitolewe, na mnunuzi alipe kodi, maana yaliingia nchini kwa msamaha. Baba alilinunua lake kutoka kwa mtu aliyekuwa amelinunua hivyo, tayari likiwa kijani. Yule bwana alilipaka kijani upesi kwa sababu ambayo leo inasahaulika. Miaka ile ujambazi ulikuwa mkali katika misitu kati ya Biharamulo na Ngara. Magari yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Gari jeupe lilimwambia jambazi kwamba ndani mna fedha na redio. Kijani kilisema ndani mna ndizi. Kwenye kadi hakubadilisha kitu, na baba naye hakubadilisha.

Tulilifunga nyuma ya lori, tukalivuta hadi Biharamulo, kwa fundi mzee aliyewahi kufanya kazi katika gereji ya mashirika. Kwa kweli nilitaka aanze na rangi. Nilikuwa nimeshaiona akilini: nyeupe inayong'aa, kama zamani. Nyeupe ni rahisi kupatikana, mkwaruzo wake unazibika bila kutafuta mchanganyiko, na zaidi ya yote, kadi tayari inasema nyeupe. Hakuna hata karatasi moja ya kufuatilia.

Fundi hakuitazama rangi. Alilala chini ya gari karibu saa nzima na tochi mdomoni. Alipotoka alisema, "Mwanangu, rangi haisimamishi gari."

Basi hela ikaenda namna hii. Kwanza breki: pedi za mbele, viatu vya ngoma za nyuma, na mabomba ya mafuta ya breki yaliyokuwa yameliwa. Pili, mkanda wa taimingi. Injini ya 1HZ inasifiwa kwamba haifi, na ni kweli karibu kabisa, ila mkanda ule wa mpira hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi; ukikatika, pistoni zinakutana na valvu na sifa zote zinaishia hapo. Wetu ulikuwa na nyufa kama kisigino. Tatu, springi. Tulinunua seti iliyotumika kutoka Kahama, ambako spea za magari haya ni nyingi na bei inazungumzika, na fundi akaongeza jani moja nyuma kwa ajili ya mizigo. Nilimuuliza kuhusu kufunga tabo, kwa kuwa kijana mmoja pale gereji alinipigia debe sana. Fundi alisema tabo ni kumpa mzee viatu vya mbio. Nikaachana nayo. Tukanunua plagi za kupasha injini badala yake, maana asubuhi za Ngara ni za koti.

Kutu nayo ilikula fungu lake. Sisi hatuna chumvi ya pwani, lakini tuna tope jekundu, na tope likijazana kwenye kona likabaki na unyevu, linafanya kazi ileile polepole. Kutu ya Land Cruiser hizi inajulikana ilipo: mfereji wa paa, chini ya kioo cha mbele, chini ya milango, sakafu ya nyuma. Wenye Land Rover za zamani hujisifu kwamba bodi zao ni za aluminiamu na haziozi. Hawasemi kwamba chesisi ni ya chuma, na mahali aluminiamu inapogusana na chuma huliwa haraka kuliko kawaida. Kila gari lina ugonjwa wake. Letu lilikatwa vipande vilivyooza, likachomelewa bati jipya, na puti ikapakwa juu nyembamba. Fundi alikataa kabisa kuziba tundu kwa puti tupu, ingawa ndivyo gereji nyingi za bei nafuu zinavyofanya. Puti juu ya kutu, alisema, ni kumvika mgonjwa suti.

Ilipofika zamu ya rangi nilikuwa nimebakiwa na laki saba.

Nilipiga msasa mwenyewe ili kuokoa hela. Namba 80 kwanza, kisha 240, kisha 400 kwa maji. Siku ya pili, mlango wa dereva, kijani kikaisha na nyeupe ikatokea, na ndani ya nyeupe kukawa na nyeupe nyingine. Duara, na chini yake herufi. Stika zile zilizobanduliwa ziliikinga rangi ya chini na jua kwa miaka, kwa hiyo palipokuwa na nembo palibaki pamekolea kuliko pembeni, na ukingo wake ulisikika kwa kidole. Kwenye ubavu wa mbele nikakuta tundu la antena ya redio, limezibwa kwa puti. Nikampigia mama simu kumwambia, nikidhani atafurahi. Nikamwambia pia kwamba nalirudishia nyeupe.

"Nyeupe hapana," alisema.

Nilimweleza habari ya kadi. Nikamweleza bei. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lipake unachotaka, mwanangu, lakini likiwa jeupe usilileta uani kwangu." Akakata.

Niliporudi nyumbani Jumamosi ndipo aliponieleza, akimenya ndizi, bila kuniangalia. Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali na UNHCR walitoa tangazo la pamoja: wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi hawakutaka. Maelfu walitoka kambini wakaelekea upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania, kupitia porini. Askari wakawazuia na kuwageuza kuelekea Rusumo. Kwa siku kadhaa barabara ilikuwa ni watu tu, kwa miguu, kwenye mvua. Kufikia mwisho wa mwezi kambi za Wanyarwanda zilikuwa karibu tupu.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisilolijua ni kwamba mama alikuwa na mwenzake Benaco. Alimpelekea ndizi, mwenzake akampa mahindi na mafuta ya msaada, biashara ambayo kila mtu aliifanya. Kwa miaka miwili na nusu walifahamiana hadi majina ya watoto. Na Kihangaza na Kinyarwanda havihitaji mkalimani. Wiki ile mama alisimama kando ya barabara akimtafuta. Akaona askari wanasukuma, na pembeni, hatua chache tu, magari meupe yameegeshwa, yanagawa maji na biskuti. Katika mojawapo alikuwamo baba. "Nilimwambia amtafute. Akasema kazi yake ni kuendesha," mama alisema. "Hakusema vibaya. Ilikuwa kazi yake kweli." Mwenzake hakumwona tena. Sufuria yake, ile iliyokuja na wali siku ya Krismasi ya mwaka wa nyuma yake, ipo jikoni kwetu hadi leo. Nimeilia tangu utoto nikidhani ni yetu.

Sikujua la kusema. Nilimtetea baba kidogo, kwamba yale maji nayo yalihitaji mtu wa kuyaleta. Mama akasema anajua.

Nilichagua kahawia, kahawia ya udongo wetu, ambayo ina faida ya kuficha vumbi. Kijani nilikiepuka, karibu na mipaka miwili sipendi gari langu lifananishwe na la jeshi. Paa nililiacha jeupe kwa sababu ya joto, na mama alilikubali paa kwa kuwa, alivyosema, halioni kule juu.

Kupaka rangi nje, bila chumba, ni vita ya saa mbili. Alfajiri hewa ina unyevu, na rangi ya bei nafuu yenye tina nyingi ikikutana na unyevu inapauka kama imeota ukungu. Kuanzia saa nne upepo unaamka na vumbi linakuja. Tulimwagia ardhi maji usiku, tukamwaga tena asubuhi, tukatundika maturubai pande tatu, tukaanza saa mbili kompresa ikinguruma. Mikono mitatu myembamba, si mmoja mzito. Mbu wawili na nyuki mmoja wamo kwenye boneti hadi sasa. Ndani ya milango hatukupaka, hela ilikuwa imekwisha, kwa hiyo ukifungua bado ni nyeupe.

Ule mlango wa dereva niliupiga msasa mpaka chuma, siku nzima kasoro, peke yake. Fundi aliniambia haikuwa lazima.

Kubadilisha rangi kwenye kadi kulinigharimu ukaguzi, foleni na safari mbili. Katikati ya hayo nililiendesha hadi Murgwanza, nimempakia jirani aliyevunjika mguu, na mteremkoni breki zilishika vizuri. Kaka amekwishaliazima mara tatu kubeba kahawa. Kadi mpya ilipotoka nilimpelekea mama. Macho yake hayasomi maandishi madogo, akaniambia nimsomee. Nikaanza na namba ya usajili, akanikatiza.

"Soma hapo kwenye rangi."