Sauti ya Kompyuta Yako Ina Historia, na Haikuanzia Kwetu

Wasee, kuna swali naulizwa sana: "Hiyo kompyuta yako inaongea kama inafukuzwa, kwani wewe unasikia nini?" Nasikia kila kitu. Mimi sioni, kwa hivyo kuna programu inayonisomea skrini, na kasi nimeipandisha mwenyewe. Sauti inavyotoka kiwandani kwangu ni polepole kama mzee anasoma barua. Lakini leo nataka tuongee historia, kwa sababu hiyo nafasi ya kubadilisha sauti kuna watu waliitafuta.

Tuanze Marekani. Ted Henter alikuwa anakimbiza pikipiki kwenye mashindano. Mwaka wa 1978 akapata ajali ya gari, macho yakaenda. Akasomea kuandika programu, na mwaka wa 1987 yeye na Bill Joyce wakaanzisha kampuni yao, Henter-Joyce. Kisoma skrini chao, JAWS, kilitoka 1989 enzi za DOS, halafu cha Windows kikafuata 1995. Kitu kilikuwa kizuri, shida bei. Kwa miaka mingi leseni ilikuwa karibu dola 1,000. Hapa Luanda Kotieno, pesa kama hiyo mtu anaifikiria kwa boti na nyavu, si kwa programu. Ukikosa leseni, JAWS inakufanyia kazi dakika 40, kisha inanyamaza mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Sasa imagini feri ya Mbita inakufikisha katikati ya ziwa, halafu inakwambia rudi Luanda uanze tena.

Huko Australia, kijana mmoja asiyeona, Michael Curran, akaona hii maneno haiwezekani. Kwa nini mtu asiyeona alipe zaidi ili tu atumie kompyuta ile ile? Mwaka wa 2006 akaanza kuandika NVDA, na rafiki yake James Teh, naye haoni, akaingia. Wakaitoa bure, na yeyote anaruhusiwa kufungua ndani na kurekebisha.

Hapo ndipo Kiswahili kinaingia. NVDA inakuja na sauti za eSpeak, kazi iliyoanzishwa na Jonathan Duddington kwenye kompyuta za Acorn mwaka wa 1995. Ndani yake Kiswahili kipo. Ni kweli kinasikika kama roboti mwenye mafua, lakini kinajua kwamba "paka" si neno la Kiingereza. Shida ni kwamba hakijiweki chenyewe. Bonyeza kitufe cha NVDA (Insert), Control na V, uchague sauti. Hapo hapo angalia kubadilisha lugha kiotomatiki. Kurasa nyingi zimeandikwa Kiswahili lakini ndani zimetangazwa kuwa za Kiingereza, na mashine inaamini tangazo. Ukizima hicho kitu, inabaki na sauti uliyochagua. Halafu Insert na P inapunguza alama za uandishi. Zikisomwa zote, hata ile ya "ng'ombe" inatajwa, na neno linakatwa vipande viwili. Jina likitamkwa vibaya, liingize kwenye kamusi ya matamshi ukiandika vile linavyosikika. Hivyo ndivyo nafundisha mashine yangu majina ya Kijaluo, moja moja, kwa sababu sauti niliyo nayo haikulelewa kando ya ziwa.

Na hii si fadhila. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Kifungu cha 7 kinaiambia serikali ikuze lugha za kienyeji, Braille na njia nyingine za mawasiliano tunazoweza kutumia. Thika, inABLE ya Irene Mbari-Kirika, iliyoanzishwa 2009, imeweka maabara za kompyuta kwa wanafunzi wasioona. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani Kenya.

Lakini kuna saiba moja niliambiwa "hapa hatuna kompyuta ya vipofu". Buda, hakuna kompyuta ya vipofu! Ni hiyo hiyo yako. NVDA inakaa hata kwenye flashi, na kasi yangu, sauti yangu na kamusi yangu vyote vimo. Nachomeka, naanza kazi, nikitoka sikuachii kitu.

Maoni yangu ni haya: Henter na Curran hawakungoja mtu anayeona awahurumie, walitengeneza. Kazi iliyobaki ni yetu. Sauti nzuri ya Kiswahili, na sauti ya Dholuo inayoweza kusoma habari za Siaya bila kuumauma maneno, haitaletwa na feri. Wewe unayesomea programu Kisumu au Nairobi na unatafuta wazo la mradi, hilo hapo. Na wewe mwenye saiba, weka NVDA kesho. Ni bure.