Kwa Miguu Hadi Namugongo: Njia ya Mashariki na Askofu Aliyeishia Kyando

Juni 3, 2026 ni miaka 140 kamili tangu vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walipochomwa moto Namugongo kwa amri yake, kwa kukataa kuikana imani yao. Kila mwaka, mwezi Mei ukielekea ukingoni, mahujaji wa Tororo na wenzao wa Busia, wa Uganda na wa Kenya, huanza safari ya kwenda huko kwa miguu. Ni kilomita 200 na ushei, mwendo wa wiki moja hivi, kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Mzigo wao ni mwepesi: mkeka uliokunjwa, rozari shingoni, kandambili za akiba na jerikeni tupu ya kuchotea maji ya ziwa la Namugongo. Anayechoka huimbiwa mpaka ajikute ameshapita kilima.

Habari za mashahidi wenyewe zinajulikana. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliuawa kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964, na mapapa watatu wamefika Uganda kuwaheshimu. Kisichosimuliwa vya kutosha ni habari za njia hii ya mashariki. Ilikanyagwa kwa nyayo kabla ya reli, kabla ya lami na kabla mtu yeyote hajasikia habari za mpaka. Tena yule ambaye safari yake iliwasha moto wa Namugongo alikuja kwa miguu kutoka upande huu wetu.

Jina lake James Hannington, Mwingereza, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Masimulizi ya safari yake tunayapata zaidi katika shajara aliyoiandika mpaka siku ya mwisho, ambayo baadaye ilipatikana na kuchapishwa. Mwaka 1882 alijaribu kufika Buganda kwa njia ya kusini ya Ziwa Viktoria, ugonjwa ukamrudisha. Safari ya pili aliitaka njia fupi, ile ya Umasaini ambayo msafiri Joseph Thomson alikuwa ameipita miaka miwili tu nyuma. Julai 1885 aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na wapagazi wapatao 200. Walibeba vichwani na mabegani nguo, shanga na nyaya, ndiyo fedha ya njiani siku hizo, na kila mzigo ulikuwa na uzito wa ratili 60 au zaidi.

Pamoja naye alikuwepo Mwafrika, Mchungaji William Henry Jones. Jones alikuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India, kisha akarudishwa pwani yetu. Msafara ulipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, askofu aliamua kutangulia. Oktoba 12 alimwachia Jones sehemu kubwa ya watu na mizigo, akachukua watu 50, akakata magharibi katika nchi ambayo leo inagawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, naye hakuijua. Mengo, makao ya Kabaka, kulikuwa na imani ya siku nyingi kwamba watakaoiteka Buganda watatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Mwanga, aliyekalia kiti Oktoba 1884 akiwa kijana mdogo, alikuwa pia amesikia kwamba Wajerumani wananyakua nchi za pwani. Si haki kumchora kama mtu aliyeogopa kivuli: miaka 9 haikupita kabla nchi yake haijawekwa chini ya bendera ya Uingereza. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua hofu hiyo, wakamwandikia askofu asije kwa njia ya Busoga. Barua haikumfikia kwa wakati. Oktoba 21 chifu Luba wa Busoga alimkamata, na tarehe 29, kwa amri iliyotoka kwa Kabaka, Hannington na wapagazi wake waliuawa Kyando, katika wilaya ya sasa ya Mayuge. Wanne tu walinusurika.

Majina ya wapagazi hao hayasimuliwi kama la askofu wao. Walikuwa watu wa pwani na bara yake, wenye wake na watoto. Bila miguu yao hakuna askofu, mfanyabiashara wala ofisa ambaye angefika popote katika Afrika Mashariki ya wakati ule.

Jones alingoja Kwa Sundu kwa wiki kadhaa, akipokea habari moja mbaya baada ya nyingine, hata akakubali kwamba hakuna wa kumngoja. Akawaongoza waliobaki kurudi pwani. Februari 4, 1886 waliingia Rabai nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi, jina la mtoto wa Biblia aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli. Wanawake waliotoka mbio kuwapokea waume zao walianza kutafuta nyuso safuni.

Huko Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, alithubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Novemba 15, 1885 alikatwa kichwa, Mkatoliki wa kwanza kuuawa. Zaidi ya miezi sita baadaye Charles Lwanga na vijana wenzake wa ikulu walisukumwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo. Kwa hiyo hujaji wa Tororo hafuati tu njia ya kufikia kaburi la shahidi. Anakanyaga nchi ile ile ambako mkasa wenyewe ulianzia.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1892 mabaki ya Hannington yalizikwa Namirembe, Kampala. Waingereza walichonga barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, Mackinnon-Sclater, maili 600 kutoka Mombasa hadi Busia. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda likahamishiwa upande wa Kenya, na Wateso na Wasamia wakajikuta wana serikali mbili. Reli ikapita Tororo na kufika Kampala 1931. Baiskeli za kuvusha watu mpakani zikaja, kisha pikipiki. Mwaka 2018 marais wa nchi mbili walifungua kituo cha pamoja cha mpaka Busia. Mwaka 2020 korona ilifunga mpaka kwa wasafiri wa kawaida, na Namugongo ikakosa mahujaji.

Hata hivyo, mwenda kwa miguu ndiye bado mwenye mji. Asubuhi Busia huvuka mama mwenye beseni la samaki kichwani na mwanafunzi mwenye sare, wakisalimiana kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili. Aliye ndani ya gari hana wa kumuuliza habari za nyumbani. Anayetembea hujua nani amefiwa, nani amejifungua na mahindi yamefika bei gani, kabla hajafika sokoni. Ndiyo raha ya kutembea, na ndiyo maana ya hija: watu ambao asubuhi hawakujuana, jioni wanaoshana miguu kwa maji ya chumvi.

Lakini mwenda kwa miguu huyu tumemsahau. Barabara kuu ya Malaba na Busia kwenda Jinja imejengwa kwa ajili ya malori, na sehemu kubwa mtembea kwa miguu hana pake ila ukingo wa vumbi, trela likimpita karibu na bega. Wahandisi wanajua wiki ambayo mahujaji hupita. Jambo hilo halihitaji utafiti. Serikali ya Uganda na ya Kaunti ya Busia, Kenya, ziwawekee njia ya miguu, hata kama ni ya murami, pande zote mbili za barabara. Nasi tukifika maeneo ya Bugiri na Iganga, tukumbuke kwamba upande wa kusini, Kyando, wamelala wapagazi wasio na majina. Wastahili angalau sala moja.