Kuipima Haja ya Mzee: Habari za Msaada wa Wazee Katika Uingereza

Kila taifa lina wazee wake, na kila zama zina namna yake ya kuwatunza. Habari za Uingereza zina mafunzo makubwa, kwani kwa muda wa karne nyingi watawala wa huko waliuliza mzee awekwe wapi, kabla hawajauliza mzee huyo apungukiwa na nini.

Sheria ya mwaka 1601 ilizitwika parokia mzigo wa kuwasaidia fukara wao kwa kodi iliyotozwa wenyeji. Msaada ulitoka karibu, na mara nyingi mzee aliupokea akiwa nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 1834 iliyageuza mambo. Fukara walitakiwa kuingia katika majumba ya kazi, ambamo maisha yalifanywa kwa kusudi kuwa mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa, ili watu wasitamani kuingia. Waliolengwa hasa ni wenye nguvu wasiotaka kazi, lakini sheria ilimwangukia na kikongwe asiyeweza kushika jembe. Mume na mke walitenganishwa. Hata mwaka 1847 ndipo wenza waliopita miaka 60 waliporuhusiwa kuomba chumba kimoja. Wako wazee walioendelea kusaidiwa majumbani mwao, lakini hofu ya majumba yale ilikaa mioyoni mwa watu kwa vizazi.

Mwaka 1908 Bunge lilipitisha sheria ya pensheni. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, mzee aliyetimiza miaka 70 na mwenye pato dogo alipokea hadi shilingi 5 kwa juma katika ofisi ya posta. Fedha hiyo ilimhifadhia heshima yake, ila haikumpikia chakula wala haikumwogesha.

Sheria ya mwaka 1948 iliifuta ile ya kale, ikaziamuru halmashauri kuwapatia makao wazee wenye kuhitaji uangalizi. Lakini vita vilikuwa vimemaliza hazina, na mengi ya majumba ya zamani yaliendelea kutumika kwa majina mapya. Peter Townsend alizuru makao 173, na katika kitabu chake cha mwaka 1962 alionyesha kwamba wengi hawakuingizwa humo kwa udhaifu mkubwa wa mwili, bali kwa kukosa nyumba, fedha au jamaa.

Msaada wa nyumbani nao ulikuwapo. Tangu mwaka 1943, huko Hemel Hempstead, wanawake wa kujitolea walikuwa wakiwapelekea wazee chakula cha moto, na halmashauri zilikuwa na wasaidizi wa kufagia na kufua. Kasoro ni kwamba kila msaada uligawiwa kama ulivyokuwapo ghalani. Aliyehitaji kuinuliwa kitandani aliletewa mfagiaji. Aliyehitaji mwenzi wa kuzungumza naye aliletewa sahani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jaribio la kuirekebisha kasoro hiyo lilifanywa katika jimbo la Kent, pwani ya Thanet, katika miaka ya 1970. Mtumishi wa ustawi wa jamii alikabidhiwa wazee wachache na mfuko wa fedha, kwa sharti kwamba gharama ya mzee mmoja isizidi theluthi mbili za gharama ya kumweka makaoni. Aliweza hata kumlipa jirani kidogo ili amwangalie mzee asubuhi na jioni. Bleddyn Davies na David Challis, katika kitabu chao cha mwaka 1986, walionyesha kwamba wazee hao walidumu majumbani mwao kwa wingi kuliko wenzao wa hali moja nao.

Katika miaka ile ile ya 1980, hata hivyo, fedha za Serikali zilipatikana kwa wepesi zaidi kwa mzee aliyeingia makao ya watu binafsi kuliko kwa aliyebaki nyumbani. Roy Griffiths aliieleza Serikali njia nyingine mwaka 1988. Ndipo sheria ya mwaka 1990, iliyotekelezwa kikamilifu Aprili 1993, ilipozitaka halmashauri kuipima kwanza haja ya mtu, kisha kuamua msaada.

Lakini mwaka 1997, katika shauri la Gloucestershire, majaji wa Baraza la Malabwana waliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba halmashauri yaweza kuufikiria uwezo wake wa fedha inapoipima haja. Hivyo kipimo kikarudi mfukoni. Sheria ya mwaka 2014 iliweka kipimo kimoja kwa England nzima, na kuamuru matakwa ya mtu mwenyewe yasikilizwe.

Yaonekana basi kwamba kutunga sheria ya kupima haja ni jambo moja, na kutenga fedha za kuitimiza ni jambo jingine. Palipokosekana la pili, mzee alikatwa ili aenee katika nguo, badala ya nguo kukatwa ili imwenee mzee.