Wafuasi na mamlaka ya kiongozi katika Ugogo

Ufuasi ni hali ya watu kukubali, kwa hiari au kwa shuruti, kuongozwa na mwingine, na tangu mwanasosholojia Max Weber wa Ujerumani wataalamu wengi wameshikilia kwamba mamlaka hayaeleweki bila kuchunguza imani ya wanaotii. Ugogo, nchi kame inayouzunguka mji wa Dodoma, ni mfano mzuri wa jambo hilo, kwa kuwa huko wafuasi waliweza kuhama.

Kabla ya ukoloni Wagogo hawakuwa na mfalme mmoja, bali nchi ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake, yaani kiongozi aliyerithi mawe ya mvua katika ukoo na ambaye kazi yake kuu ilikuwa kuiombea nchi mvua na rutuba na kuikinga na maradhi. Mashauri ya mahari, mifugo na ugomvi yaliamuliwa zaidi na wazee wenye kaya kuliko na mtemi mwenyewe. Mvua ilipokosekana, jambo lisilo geni huko, kaya ziliswaga ng'ombe zikahamia kwa ndugu au wakwe katika nchi ya mtemi mwingine, na yule aliyeachwa hakuwa na askari wa kuwarudisha. Hata hongo, ushuru uliowaudhi sana wasafiri wa karne ya 19 akiwemo Henry Morton Stanley, mtemi aliweza kuutoza kwa sababu vijana wenye mikuki na watu waliomiliki visima walikuwa upande wake.

Waingereza, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, walimfanya mtemi kuwa mkusanya kodi, na hapo cheo chake kikaanza kutegemea ridhaa ya bwana shauri, yaani ofisa wa kikoloni wa wilaya, kuliko ya wenye kaya. Baada ya uhuru, utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ikawakusanya watu vijijini, hivyo kuhama, ambako kulikuwa kura yao ya zamani, kukawa kugumu.

Tangu sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio chombo kikuu cha kijiji. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji. Lakini mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye mwenye mafaili, huajiriwa na halmashauri ya wilaya, na wanakijiji hawamchagui.