Saratani ya utumbo mpana: Jinsi ya kumsindikiza mwenzi mzee katika vipimo vya haraka mjini Bujumbura

Mtu aliyevuka umri wa miaka 50 anapoona damu katika haja kubwa, neno la kwanza linalotajwa nyumbani mjini Bujumbura huwa si saratani. Hutajwa amiba, bawasiri au minyoo, na mara nyingi dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kichocho cha tumbo kimekuwapo kwa miaka mingi katika bonde la Rusizi na kandokando ya Ziwa Tanganyika, na amiba ni ugonjwa unaofahamika kila mtaa. Hatari huanza pale dozi ya pili, kisha ya tatu, ya metronidazoli inaponunuliwa katika duka la dawa bila mgonjwa kupimwa, huku miezi ikipita na damu ikiendelea kutoka.

Wa kwanza kulitambua hilo huwa mwenzi wa ndoa. Ndiye anayejua kwamba mzee huamka usiku mara tatu kwenda chooni, kwamba mkanda wa suruali umesogezwa tundu mbili, kwamba chakula alichokipenda sasa hukisukuma kando. Mgonjwa mwenyewe, kwa haya au kwa hofu, humwambia daktari kuwa ni "tumbo tu".

Saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa ni ya tatu kwa wingi duniani na ya pili kwa kuua. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo, na takriban 900,000 walifariki dunia. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kinachoweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta huo, upasuaji huwaponya wengi. Ikiwa imekwisha kufika kwenye ini au mapafu, mambo hubadilika kabisa. Ndiyo sababu madaktari huandika neno "haraka" kwenye karatasi ya rufaa, ingawa wengi wanaopimwa kwa haraka hukutwa na maradhi mengine. Nchini Uingereza, kwa mfano, kati ya watu 100 wanaopelekwa kwa dharura ya namna hii, wanaokutwa na saratani ni chini ya 10.

Dalili za kumpeleka mtu hospitalini zinajulikana: damu katika kinyesi, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, maumivu ya tumbo yasiyoisha, uvimbe unaoshikika. Ipo moja isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma. Kwa mwanamume mzee, au mwanamke aliyekoma hedhi, hali hiyo haipaswi kutibiwa kwa vidonge pekee. Huenda utumbo unavuja damu kidogo kidogo bila mtu kuiona. Kipimo cha wingi wa damu si kigumu, na hospitali nyingi hukifanya.

Kabla ya miadi, mwenzi afanye kazi moja ya karani: aandike. Damu ilionekana lini kwa mara ya kwanza, ni nyekundu au nyeusi, dawa gani zimekwisha kutumiwa na kwa siku ngapi, nani katika ukoo aliwahi kuugua saratani. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa karatasi za hospitali huandikwa kwa Kifaransa na maelezo mara nyingi hutolewa kwa Kirundi. Mgonjwa aliyesikia neno "kidonda" anaweza kurudi nyumbani akiamini ametibiwa. Si utovu wa adabu kumwomba daktari arudie, wala kumuuliza waziwazi: mnatafuta ugonjwa gani, na majibu yatatoka siku gani?

Uchunguzi wa kwanza ndio unaokataliwa zaidi. Daktari huingiza kidole chenye glavu katika njia ya haja kubwa, jambo la dakika moja. Wazee wengi huona ni fedheha, lakini uvimbe ulio karibu na mlango wa haja kubwa unaweza kuguswa kwa njia hiyo tu, bila mashine yoyote. Mwenzi anaweza kumwandaa mgonjwa kwa maneno ya faragha usiku uliotangulia, na kuomba afunikwe shuka au apimwe na daktari wa jinsia yake iwapo yupo. Mke aliyezoea kumwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza anajua namna ya kulisema jambo hili kuliko muuguzi yeyote. Wanaume, kwa upande wao, huwaachia mabinti kazi ya kumhudumia mama anapougua maradhi ya choo. Desturi hiyo inaeleweka, lakini katika vipimo hivi humnyima mgonjwa shahidi wake wa karibu zaidi.

Kipimo chenyewe kinachotoa jibu ni kolonoskopi: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa kwenye utumbo mpana wote, na daktari hukata vipande vidogo vya nyama ya kuchunguzwa. Huduma hii imejikusanya zaidi Bujumbura, hivyo mgonjwa wa mikoani hulazimika kupata pa kulala mjini. Ni busara kuuliza mapema katika Hospitali ya Chuo Kikuu iliyoko Kamenge, Hospitali ya Prince Régent Charles au Kliniki ya Prince Louis Rwagasore iwapo mashine inafanya kazi wiki hiyo, gharama ni kiasi gani, na kama gharama hiyo inajumuisha uchunguzi wa vipande vya nyama, ambao mara nyingi hulipiwa peke yake.

Suala la fedha halikwepeki. Tangu mwaka 2006 matibabu ni bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa kina mama wanaojifungua. Mzee hayumo katika msamaha huo. Mtumishi wa serikali, hata aliyestaafu, na mwenziwe waulize kwanza katika bima ya Mutuelle de la Fonction Publique. Wengine hutegemea mchango wa familia, wakiwemo watoto walioko ng'ambo. Ni afadhali fedha hizo zikusanywe kabla ya siku ya kipimo, kwani wazee wengi bado wanakumbuka enzi za wagonjwa kuzuiliwa hospitalini kwa deni, hali iliyoelezwa katika ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2006. Hofu hiyo huwafanya baadhi yao kuahirisha vipimo bila kusema sababu.

Maandalizi ya kolonoskopi hufanyika nyumbani, na hapo ndipo mwenzi anapobeba mzigo mkubwa. Utumbo usiposafishwa vema, kipimo hurudiwa na fedha hupotea. Siku mbili au tatu kabla, maharage, lengalenga, sombe, mahindi na matunda yenye mbegu kama marakuja na mapera huwekwa kando. Wali mweupe, mayai na samaki huruhusiwa. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa takriban wiki moja kabla, kwa idhini ya daktari. Dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda zisiachwe wala zisiendelezwe kwa kubahatisha: daktari aulizwe. Aulizwe pia aina ya dawa ya kuharisha, kwa kuwa zile zenye fosfeti zinaweza kuumiza figo za mzee.

Usiku wa dawa hiyo, mgonjwa ataenda chooni mara nyingi. Katika viwanja ambako kaya kadhaa hutumia choo kimoja, majirani waarifiwe, ndoo yenye kifuniko iwekwe karibu na kitanda, na tochi iwe tayari, kwani mzee aliyeishiwa maji huanguka kwa urahisi. Madumu ya maji yajazwe mapema, bomba lisije likakauka usiku huo. Vinywaji vyekundu viepukwe kwa sababu rangi yake hufanana na damu. Miadi ikiangukia Ramadhani, mgonjwa hawezi kusubiri adhana ya magharibi ndipo anywe maji. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na wanaohitaji kusikia hivyo kutoka kwa sheikh wao wamuulize mapema.

Baada ya kipimo, mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi asiendeshe gari wala asipande pikipiki. Pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji mwezi Machi 2022, na uhaba wa mafuta umefanya teksi kuwa adimu nyakati fulani, hivyo gari litafutwe siku moja kabla. Tumbo likivimba na kuuma sana, homa ikipanda au damu nyingi ikitoka usiku huo, mgonjwa arudishwe hospitalini bila kungoja asubuhi. Vivyo hivyo, hata kabla ya kipimo, kwa mtu anayetapika na asiyeweza kutoa choo wala hewa: huenda utumbo umeziba.

Kusubiri majibu ya maabara huweza kuchukua wiki moja, mbili au zaidi. Familia nyingi hutumia muda huo kupanga namna ya kumficha mzee habari mbaya. Nia huwa ni huruma, lakini siri hiyo humkuta mgonjwa akiulizwa akubali upasuaji wa ugonjwa asioujua. Njia iliyo bora ni kumuuliza yeye mwenyewe mapema, kabla ya majibu kutoka, kama anataka kuambiwa yote au anamkabidhi mwenzi wake kusikiliza kwa niaba yake.

Ikithibitika kuwa ni saratani, skana ya tumbo na kifua huonyesha imefika wapi. Upasuaji unaweza kufanyika Bujumbura. Saratani ya njia ya haja kubwa aghalabu huhitaji pia tiba ya mionzi, ambayo kwa miaka mingi Warundi wameifuata nje ya nchi. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na familia ambazo zingefikiria Kigali zililazimika kutazama kwingine: Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako angalau lugha si kikwazo, au Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Ikiwa kilichopatikana ni kinyama kisicho na saratani, kikaondolewa, familia iulize tarehe ya kipimo kinachofuata na kuiandika. Na kama ni saratani, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wamweleze daktari wao habari hiyo. Katika nchi zenye huduma za kutosha, jamaa hao hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, kutegemea upi unatangulia.